Je, Wajua? Ukiambiwa Jeni Yako Mbovu, Miguu Inasikia
Je, wajua kwamba majibu ya uongo yanaweza kukushibisha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu jeni ya FTO, inayohusiana na shibe, kisha wakawagawia majibu kwa bahati nasibu. Walioambiwa "yako nzuri" wakala mlo uleule waliokula kabla ya majibu, na homoni ya shibe ikapanda mara 2.5. Chakula kilekile, tumbo lilelile!

Ngoja, bado. Wengine waliambiwa jeni yao ya mazoezi ni mbovu, wakapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia. Wakachoka mapema na mapafu yakalegea, hata kwa wale ambao jeni yao haikuwa na neno. (Baadaye waliambiwa ukweli, usiwahurumie sana.)

Kumbukumbu nayo? Wazee wenye APOE e4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, walipewa mtihani wa kumbukumbu. Waliojua kuwa wanayo walifanya vibaya kuliko waliokuwa nayo bila kujua.

Lakini usidhani watu hupagawa. Wamarekani zaidi ya 2,000 walisomewa hatari zao za kijeni, na 90 kati ya kila 100 hawakupata fadhaa yoyote. Ila mafuta hawakupunguza, mazoezi hawakuongeza. Chipsi oyee!

Kidonge sasa, hapo watu hawabishi. Mwaka 2016 Mayo Clinic ilitangaza matokeo ya watu 203: walioonyeshwa alama ya kijeni ya maradhi ya moyo, asilimia 39 walianza statini, dawa ya kupunguza kolesteroli; wasioonyeshwa, asilimia 22. Kolesteroli mbaya ikashuka, sahani ikabaki vilevile.

Na unajua alama moja ya moyo hujumlisha tofauti ngapi za DNA? Milioni 6.6! Hili linatugusa wewe na mimi: kufikia 2019, takriban asilimia 79 ya waliochunguzwa ili alama kama hizi zitengenezwe walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa mwenye asili ya Afrika, usahihi wa alama hizi ulishuka karibu mara 4.5.

Mwisho, kutana na James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA. Mwaka 2007 aliruhusu dunia nzima isome DNA yake, isipokuwa APOE, hakutaka kujua. Wanasayansi wengine wakang'amua kuwa DNA iliyo jirani na APOE ingeweza kufichua aina ya jeni hiyo, ikabidi zifichwe herufi kama milioni 2!