Kanali Bogi na Maneno ya Gofu

Nchelenge, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, hujulikana kwa samaki wala si kwa gofu. Lakini Zambia ina historia yake katika mchezo huo: Hayati Mzee Kenneth Kaunda aliupenda sana, na mwaka 2006 Madalitso Muthiya akawa Mzambia wa kwanza kucheza mashindano ya US Open huko Marekani. Habari kama hizo zikitangazwa redioni, asiyejua maneno yake huambulia majina ya ndege na mizuka tu.

Na tuchukue mfano wa shimo moja, lililowekwa kwa kubuni tu kwenye ukingo huo, karibu na Kashikishi. Mpira wa kwanza hupigwa kutoka tii. Njia ya majani yaliyofyekwa huitwa feawei, na mwisho wake, penye bendera na majani laini kama zulia, ni grini. Shimo la mchanga ni banka; humo mchezaji haruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira kabla ya kupiga. Mpira ukizama ziwani, huangusha mwingine na kuongezewa mkwaju mmoja. Zamani mahali hapo paliitwa kikwazo cha maji. Tangu kanuni za mwaka 2019 ni eneo la adhabu.

Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kutumia hadi mpira uingie shimoni: 3, 4 au 5. Akipunguza mmoja amepata bedi, yaani kindege. Akipunguza miwili ni igo, yaani tai. Wavuvi wa Mweru, wanaomjua vyema furukombe, hawatashangaa kuona tai akipewa cheo cha juu. Handikepu ni mikwaju anayopunguziwa mchezaji dhaifu, na ndiyo inayomwezesha koplo aliyeanza juzi kushindana kwa haki na meja aliyezeeka uwanjani.

Akizidisha mkwaju mmoja, hiyo ni bogi, na hapa jeshi linaingia. Katika miaka ya 1890 Waingereza walizoea kushindana na mchezaji wa kufikirika asiyekosea, wakampa jina la mzuka. Husimuliwa kwamba mwaka 1892, katika klabu moja ya maofisa huko Gosport ambamo kila mwanachama alikuwa na cheo, ilionekana si adabu mzuka huyo akose chake, akafanywa Kanali. Mwaka 1914 F. J. Ricketts, kiongozi wa bendi ya jeshi, alitunga gwaride liitwalo Colonel Bogey, ambalo bendi nyingi hulipiga hadi leo.

Kedi naye, yule abebaye mfuko wa fimbo, ametokana na neno la Kifaransa lililomaanisha kijana anayesomea uofisa. Huko Edinburgh lilishuka cheo, likawa la matarishi wa kupeleka barua na mizigo.

Neno la mwisho ni fupi, nalo lawahusu hata akina mama na watoto wanaopita kando ya uwanja: fo! Ni onyo kwamba mpira mgumu unawajia. Wengi hugeuka kutazama unakotoka, nao huwapiga usoni. Mwenye kulisikia na ainame papo hapo, ajifunike kichwa kwa mikono, na mtoto amkinge kifuani mpaka mpira uanguke.