Je, Wajua? Pikapu ya Dizeli Huweza Kushuka Mlima Bila Kunywa Mafuta

Wapo madereva wanaoshuka mlima Kitonga, Iringa, wakiwa wametoa gia na kuliacha gari fri ili kuokoa dizeli. Matokeo yake ni kinyume. Gari likiwa fri, injini lazima ipewe mafuta ili isizime. Likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye eksileta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye pikapu za kisasa kompyuta hufunga nozeli, na haidondoki hata tone mpaka mizunguko ishuke sana. Injini hiyohiyo hulishika gari, breki zisichemke. Ukiwa na mzigo nyuma, tafadhali usishuke fri kamwe.

Kwenye tambarare adui ni upepo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa zaidi ya nusu, na pikapu yenye keria juu huumia zaidi. Keria tupu ishushwe. Kuacha mlango wa bodi wazi hakusaidii pikapu nyingi: ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na upepo wa juu hupita ukiteleza.

Upepo wa tairi pima asubuhi, kabla hazijapata moto, ukifuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Na ukiona moshi mweusi, hayo ni mafuta uliyolipia ambayo hayakuungua vizuri. Anza na chujio la hewa.