Antena ya Paani na Waya wa Ardhini



Katika miaka ya 1990, aliyetaka habari za nyumbani akiwa Riyadh au Jeddah alitegemea sana masafa mafupi: Redio Tanzania Dar es Salaam, Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London, au Deutsche Welle kutoka Cologne. Simu za mkononi zimepunguza haja hiyo, lakini mapenzi ya redio yangalipo. Wapo wanaotandaza waya paani ili wasikilize tu, na wapo wenye leseni ya redio ya ridhaa, ambao huzungumza na wenzao wa mbali kwa mapenzi, si kwa biashara. Lakini katika majumba ya Batha, paa ndipo nguo zianikwapo na watoto wachezapo. Kwa hiyo usalama wa waya ule ni jambo la jamaa nzima.

Mwaka 1753, mjini St Petersburg, mtaalamu Georg Wilhelm Richmann alikuwa akichunguza umeme wa radi kwa chuma kilichoanzia paani hadi ndani ya nyumba yake, bila kufikishwa ardhini. Radi ilipopiga, umeme ulikosa njia ya kushukia, ukampitia yeye akafa papo hapo.

Hatari za hapa petu

Mvua za Riyadh ni chache, aghalabu kati ya Novemba na Aprili, lakini huweza kuja na radi. Tena vumbi lenyewe lina umeme: chembe zikipeperushwa na upepo husuguana, nao waya mrefu huukusanya umeme huo hata pasipo wingu. Dhoruba kama ile iliyoifunika Riyadh tarehe 10 Machi 2009 yaweza kutoa cheche kwenye ncha ya waya na kuharibu redio.

Ardhi iwe moja

Wengi hudhani kwamba kukita fimbo ya shaba mchangani kunatosha. La. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Pia, fimbo ya antena ikitengwa na ethi ya jengo, radi hufanya moja iwe na nguvu kubwa kuliko nyingine, na umeme hupita ndani ya redio yako, au mwilini mwako, kutoka hii kwenda ile. Fundi umeme anayestahiki aziunganishe kwa waya mnene wa shaba. Kifaa cha kukinga radi kiwekwe nje, pale kebo iingiapo nyumbani, na waya wake ushuke kwa njia fupi isiyo na kona kali. Usitumie bomba la maji, kwani mengi siku hizi ni ya plastiki. Bomba la gesi usiliguse kabisa.

Ikiwa jengo ni kuukuu na halina ethi, usifunge antena ya nje. Redio ya betri na waya mfupi wa ndani vitakutosha.

Matunzo

Kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya dhoruba, kagua viungo, kamba na nguzo. Jeddah chumvi ya bahari hula shaba na chuma upesi. Safisha kutu, kaza skrubu, ufunge viungo visiingie maji. Panda paani mchana, upepo ukiwa umetulia, na usiwe peke yako. Nguzo isimamishwe mahali ambapo hata ikianguka haiwezi kufikia nyaya za umeme.

Radi inapokaribia

Hata ethi njema haizuii radi inayopiga antena moja kwa moja. Kwa hiyo chomoa kebo ya antena na waya wa umeme mapema, kabla ya dhoruba kufika. Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni takriban kilomita moja. Ukiwa umekwisha kusikia ngurumo, usiguse kebo wala usipande paani. Waingize watoto ndani.

Mwisho, paa si letu. Tuombe idhini ya mwenye nyumba kabla ya kufunga chochote, na asiye na leseni ya serikali asirushe mawimbi. Tahadhari kabla ya hatari.