Kioo cha Runinga, Kioo cha Duka

Cha dirisha ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, cha runinga nacho ni kioo. Neno hilo moja linatosha kuisoma sinema ya Marekani ya miaka ya 1950.

Katika filamu All That Heaven Allows (1955), Cary Scott, mjane mwenye uwezo, anampenda Ron Kirby, mtunza bustani. Marafiki wa tabaka lake wanamsengenya, wanawe wanamshinikiza hadi anamwacha. Krismasi inapofika, watoto wana mipango yao ya kuhama, na mama analetewa zawadi ya runinga. Muuzaji anaisifu bidhaa, huku kamera ikisogea taratibu mpaka uso wa Jane Wyman, anayemwigiza Cary, unaonekana ndani ya kioo kisichowashwa. Amenyimwa mume, amepewa bidhaa.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Douglas Sirk, aliihama Ujerumani ya Hitler mwaka 1937. Mwaka uliofuata, Victor Gruen, msanifu majengo Myahudi, aliikimbia Vienna. Wakimbizi hao wawili waliitazama Marekani ileile: Sirk akaipiga picha, Gruen akaijengea.

Oktoba 1956, kampuni ya Dayton ya Minneapolis ilifungua Southdale, jumba lililosanifiwa na Gruen katika mji jirani wa Edina. Lilikuwa la kwanza Marekani kuweka maduka yote chini ya paa moja lenye joto lililodhibitiwa. Nje theluji ya Minnesota, ndani bustani, ndege na joto la nyuzi 24 hivi. Mlangoni hakuulizwa mtu tabaka lake. Lakini eneo la kuegesha magari zaidi ya 5,000 lilionyesha nani alitarajiwa, na katika mtaa wa Country Club, hukohuko Edina, hati za nyumba ziliwahi kuwakataza wasio wazungu kununua. Mwaka 1962 kampuni hiyohiyo ilifungua duka la kwanza la Target huko Roseville, karibu na Saint Paul, kwa wanaotafuta bei nafuu. Tabaka lilipangwa kwa duka.

Gruen aliota kitovu cha mji chenye makazi, shule na hospitali kukizunguka. Alichokiona kikienea ni maduka na lami. Alirudi Vienna mwaka 1968, na miaka kumi baadaye akayakana hadharani majumba yaliyoiga kazi yake.

Filamu ya Sirk ina kioo kingine: dirisha pana ambalo Ron amelitengeneza mwenyewe katika kinu cha zamani alichokifanya nyumba. Mwishoni, Cary yuko hapo, na paa wa porini anasogea nje ya dirisha. Hakuna muuzaji wa kulisifu. Lakini aliyetaka kulitazama dirisha hilo ilimbidi kwanza anunue tiketi.