Umeme wa banda jipya usipitie dirishani

Siku hizi nikitembelea wafugaji naona mabanda mapya ya kuku nyuma ya nyumba, mazuri tu, ila umeme wake sasa! Eksitensheni imetoka sebuleni, ikapita dirishani, ikaning'inia kwenye mpapai mpaka bandani.

Mwaka jana kijana mmoja alinipigia saa kumi alfajiri. Alikuwa na vifaranga 300 wa siku nne na taa nne za joto, zote kwenye eksitensheni moja. Plagi iliyeyuka, taa zikazimika. Anaamka, vifaranga wamejirundika kona moja na wengi wa chini wameshakufa kwa kukosa hewa. Na bado nasema alikuwa na bahati, maana chini kulikuwa na maranda makavu na ukuta ni wa mbao.

Tupige hesabu kidogo. Taa moja ya joto ni wati 250, nne ni wati 1,000. Hiyo ni uniti moja ya LUKU kila saa. Kwa volti 230 unapata kama ampea 4.3. Si nyingi, lakini zinapita usiku na mchana, na waya mwembamba uliobaki umekunjwakunjwa unatunza joto mpaka ganda linalainika.

Kwa hiyo banda lipate laini yake kutoka kwenye meni swichi ya nyumba, na sakiti breka yake. Mimi hupenda ipite chini ya ardhi: chimba mtaro wa sentimita 60, mwaga mchanga, laza ile kebo nene yenye nyuzi za chuma ndani ya ganda, mchanga tena, halafu utepe wa onyo kabla ya kufukia. Fuata ukingo wa uzio, usikatize katikati ya bustani. Kuna siku utasahau na kushika jembe. Waya wa milimita 2.5 unatosha taa hizo, lakini kama una mpango wa pampu au mashine ya kusaga chakula, mwambie fundi mapema akupimie mkubwa zaidi. Kufukua mara mbili ni hasara.

Ndani ya banda, nyaya zote zipite kwenye bomba la plastiki. Panya wanatafuna, na hewa ya mbolea ya kuku inakula shaba. Swichi na soketi ziwe juu, zenye mfuniko wa kuzuia vumbi na maji. Taa ining'inie kwa mnyororo, sio kwa waya wake.

Usibane pesa kwenye ethi na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. Dukani uliza RCD ya miliampea 30. Sakafu ya banda inalowa, na wewe unaingia na ndoo ya maji mkononi. Fundi awe na leseni ya EWURA, hata kama binamu yako "anajua umeme".

Siku mbili kabla ya vifaranga kuingia, washa taa zote usiku kucha. Asubuhi weka kiganja juu ya plagi na mfuniko wa breka. Ukikuta pamechemka, zima, mwite fundi arudi, na mwambie muuza vifaranga asogeze tarehe.