Lugha za Uhispania na Fasihi Yake

Wanafunzi wetu wakiulizwa kuhusu Uhispania, wengi hutaja kandanda na mchezo wa kupigana na mafahali. Katika makala haya tunapenda kueleza jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha: namna lugha zilizopigwa marufuku zilivyorudi na kuzaa fasihi.

Lugha tunayoiita Kihispania wenyewe wengi huiita Kikastilia. Kando yake kuna Kikatalani upande wa mashariki, Kigalisia kaskazini-magharibi, na Kibaski, ambacho hakina udugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Chini ya Jenerali Franco (1939–1975) lugha hizi ziliondolewa shuleni na ofisini, na katika miaka ya mwanzo mzazi hakuruhusiwa kumwandikisha mtoto kwa jina la Kibaski. Mercè Rodoreda aliandika riwaya yake mashuhuri ya Kikatalani, La plaça del Diamant (1962), akiwa uhamishoni Geneva.

Kisa cha Kibaski ndicho kinachofaa kuchunguzwa zaidi katika idara kama yetu. Lahaja zake zilikuwa nyingi na zilitofautiana sana. Mwaka 1968, Franco akiwa bado madarakani, chombo cha kusimamia lugha hiyo, Euskaltzaindia, kilikutana Arantzazu. Mwanaisimu Koldo Mitxelena aliandaa misingi ya usanifishaji iliyoegemea lahaja za kati. Ubishi mkali ulizuka juu ya herufi h: Wabaski wa upande wa Ufaransa huitamka, wa kusini hawaitamki, na baadhi yao waliona kuiandika ni kulazimishwa. Sisi tunaojua jinsi Kiunguja kilivyochaguliwa badala ya Kimvita katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 hatushangai. Tofauti ni kwamba kwa Kibaski waamuzi walikuwa wenye lugha, si maofisa wa kikoloni, na kwa maoni yetu tofauti hiyo si ndogo.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1988, Bernardo Atxaga alichapisha Obabakoak kwa Kibaski hicho sanifu. Kitabu kilipata Tuzo ya Taifa ya Uhispania mwaka 1989, na mwandishi mwenyewe akakitafsiri kwa Kikastilia.

Katiba ya 1978 ilikifanya Kikastilia kuwa lugha rasmi ya nchi nzima, na lugha nyingine kuwa rasmi pia katika majimbo yao. Ugomvi haukuisha. Guernica, picha ya Picasso kuhusu mji wa Kibaski ulioshambuliwa kwa mabomu mwaka 1937, iko Madrid, na maombi ya Wabaski ya kuipeleka kwao yamekataliwa zaidi ya mara moja. Mwezi Septemba 2023 wabunge waliruhusiwa kutumia Kikatalani, Kigalisia na Kibaski katika baraza la chini la Bunge, na wenzao wakapewa vifaa vya masikioni ili wasikilize wakalimani. Siku ya kwanza wabunge wa chama cha Vox walitoka nje, wakaviacha vifaa hivyo kwenye kiti cha Waziri Mkuu.