Ukurasa wa tovuti unapovurugika: Akiba ya kivinjari na namna ya kuifuta

Maandishi yamepandana, picha hazionekani, na habari ya jana bado inasomeka kama ya leo. Mara nyingi kasoro haimo katika simu wala katika mtandao, bali katika nakala za zamani zilizohifadhiwa na kivinjari.

Mtaa wa Greyville, mjini Durban nchini Afrika Kusini, unajulikana mbali kwa uwanja wake wa mbio za farasi. Hapo ndipo hukimbizwa kila mwezi Julai mbio za Durban July, zilizoanza mwaka 1897 na ambazo sasa ni za umbali wa mita 2,200. Ni siku ambayo habari hubadilika kila saa: farasi huyu ameondolewa, mpandaji yule amebadilishwa, barabara ile imefungwa.

Tuchukue mfano wa watu wawili waliosimama nje ya uwanja huo, kila mmoja na simu yake, wakifungua ukurasa mmoja wa ratiba ya mbio. Wa kwanza anaiona orodha mpya, imepangika vizuri. Wa pili anamwona farasi aliyekwishaondolewa, na maandishi yamebanana hata kitufe cha kubonyeza kimefichika. Anwani waliyoiandika ni ile ile. Kwa nini basi waone mambo mawili tofauti?

Akiba ni nini?

Ukurasa wa tovuti si kitu kimoja. Kuna faili ya maandishi, kuna faili inayoamua rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio, kuna picha, na kuna programu ndogo zinazoviendesha vitufe. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama vile Chrome, Firefox au Safari, huzivuta faili hizo mara ya kwanza na kuweka nakala ndani ya simu au kompyuta. Nakala hizo ndizo zinazoitwa akiba. Msomaji akirudi, kivinjari huchukua kilichopo nyumbani badala ya kukiagiza upya kutoka mbali.

Faida yake si ndogo. Ukurasa hufunguka haraka, na anayenunua bando kwa shilingi au randi chache hapotezi fedha kwa kuvuta picha ile ile kila siku. Hata mitambo ya mtandao huweka nakala za namna hiyo katika miji iliyo karibu na wasomaji. Umuhimu wa kuwa na nakala karibu ulidhihirika tarehe 12 Mei mwaka 2024, pale nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kaskazini mwa Durban, na mawasiliano ya intaneti yakazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Katika hali kama hiyo, kilichohifadhiwa karibu hakilazimiki kuvuka bahari.

Tatizo linaanzia wapi?

Kila faili huweza kuja na agizo la muda wa kuhifadhiwa, linalohesabiwa kwa sekunde. Agizo la sekunde 86,400, kwa mfano, ni saa 24. Katika muda huo kivinjari kinaweza kuitumia nakala yake bila kuuliza chochote. Muda ukiisha, huuliza kwenye seva ya tovuti iwapo faili imebadilika. Ikiwa haijabadilika, hujibiwa kwa ujumbe mfupi wenye namba 304, na nakala ya zamani huendelea kutumika.

Kasoro hutokea pale mwenye tovuti anapobadilisha kurasa zake kabla muda huo haujaisha. Kivinjari huweza kuleta maandishi mapya lakini kikayapanga kwa faili ya mpangilio ya zamani. Ni kama kumshonea mtu mzima kanzu kwa vipimo vya utoto wake: kitambaa ni kizuri, lakini hakimkai.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kupakia ukurasa upya. Katika kompyuta za Windows, kubonyeza Ctrl pamoja na F5 hukilazimisha kivinjari kuleta faili mpya. Hatua ya pili ni kuufungua ukurasa huo katika dirisha la faragha, ambalo halitumii akiba ya kawaida. Ukionekana sawasawa huko, huenda akiba ndiyo yenye kosa.

Hapo ndipo inapofaa kuifuta. Ctrl, Shift na Delete zikibonyezwa kwa pamoja hufungua sehemu ya kufuta data katika vivinjari vingi vya kompyuta. Katika simu, sehemu hiyo hupatikana kwenye historia ya kivinjari au katika mipangilio.

Tahadhari inahitajika. Ni vyema kuchagua picha na faili za akiba peke yake. Anayefuta pia vidakuzi atatolewa katika akaunti zake, na anayefuta maneno ya siri yaliyohifadhiwa huenda akashindwa kurejea katika barua pepe yake.

Mwenye tovuti naye ana wajibu. Anapobadilisha mpangilio, aipe faili mpya jina jipya, ili kivinjari kisiidhanie kuwa ni ile ya zamani, na afute pia nakala zilizobaki katika seva zake. Hawezi kuingia katika simu ya kila msomaji na kumfutia akiba.

Jambo hili haliwahusu wapenzi wa farasi peke yao. Mkongomani au Mrundi anayeishi Durban na anayejaza fomu ya kibali cha ukaazi, au mzazi wa Mwanza anayetafuta matokeo ya mtihani, anaweza kukosa kitufe cha kutuma na kudhani mlango umefungwa, huku tarehe ya mwisho ikikaribia. Kabla ya kukata tamaa, au kumlipa mtu amtengenezee simu isiyoharibika, ajaribu kwanza kupakia ukurasa upya. Kasoro ikibaki hata baada ya akiba kufutwa, ndipo awasiliane na wenye tovuti.